Picha Aliyoiharibu Foleni

Nianze na mbwa, maana kamera mnazijua kuliko mimi.

Ninyi vijana mnaopiga picha za harusi pale Musoma mlinijia juzi mkataka niwaeleze tulikuwaga tunafanyaje kazi bila umeme, bila gari, na mara nyingine bila filamu. Nikasema nitawaandikia, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo mnacheka kabla sijafika mwisho. Basi someni kwanza. Mtacheka mkimaliza.

Mbwa wangu nilimpata kwenye foleni ya sukari. Ilikuwa ile miaka ya shida, baada ya vita. Nilisimama toka alfajiri mbele ya duka la ushirika, na nyuma yangu akaja kusimama mtoto wa mbwa, mweupe, mwenye doa jeusi kwenye jicho moja. Tukisogea hatua, naye anasogea hatua, anakaa. Watu wakanitania, "Mafuru, huyo ndiye umemshikia nafasi?" Sukari iliisha kabla hatujafika dirishani. Nikageuka kwenda nyumbani, na yeye akageuka. Nikamwita Foleni. Maisha yake yote alitembea hatua mbili nyuma yangu, hakuwahi kunipita, isipokuwa siku moja. Siku hiyo ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Kazi alinifundisha Mzee Zakaria, aliyekuwa na chumba cha picha karibu na soko. Ukutani alitundika pazia lililochorwa maporomoko ya maji ambayo hakuna mtu wa Mara aliyewahi kuyaona, na kila bwana harusi alipigwa mbele ya maji hayo akiwa amekunja uso kama anayeogopa kulowa. Mzee alikuwa mkali. Mkanda mmoja wa filamu ulitoa picha kumi na mbili tu, na kuupata ilibidi ujuane na mtu anayejuana na mtu aliyevuka mpaka Sirari. Kwa hiyo akanipa sheria. "Boma moja, picha moja. Wakifumba macho, shauri yao." Siku nyingine nikataka kukata mkanda uliokwisha kusafishwa ili nitupe vipande vibovu. Alinipiga mkononi na rula. "Mkanda haukatwi," akasema. "Kilichotangulia kitangulie. Kilichoharibika kikae hapohapo kilipoharibikia." Nikamwona mzee mchoyo tu. Mkanda mbovu wa kazi gani? Lakini nikatii, nikawa naikunja mizima mizima na kuitia kwenye makopo ya maziwa ya unga.

Yeye alikaa mjini. Mimi akanituma vijijini, nikaenda kwa miaka.

Njia zetu hazikuwa zile za magari. Nilitoka Musoma na baiskeli, kamera shingoni, Foleni nyuma, nikafuata ufuko mpaka Mugango kwetu, nikala ugali wa muhogo na samaki wa furu kwa mama. Kutoka hapo naliacha ziwa, napenya mashamba ya Bugwema, pamba upande huu, mtama upande ule, mpaka majabali yanapoanza kupandana na unajua Butiama haiko mbali. Siku zikiwa nzuri naendelea hadi Bunda. Baiskeli yenyewe mara nyingi niliisukuma, kwa sababu ya mchanga, au kwa sababu sikuwa na haraka ya kufika. Kulikuwa na ukimya fulani katikati ya asubuhi, upepo wa ziwa umeshaishia nyuma na joto la bara halijaanza, hata ng'ombe wanatembea kama wanaota. Niliupenda sana ukimya ule. Mpaka leo nikilala mchana narudi huko, nasikia kucha za Foleni kwenye changarawe, na nikiamka najishangaa kujikuta mzee.

Mkitaka ufundi, huu hapa. Mkanda haupatani na joto. Mimi niliufunga kwa kitambaa kibichi nikauweka ndani ya kibuyu. Jua la saa tatu asubuhi ni rafiki yako, ila la saa saba linachimba macho ya watu yanakuwa mashimo. Bomani usiingie na mbwa. Simama langoni, kohoa, mbwa akae, usubiri mwenyeji akuone wewe kwanza halafu amwone yeye. Na beba koti. Mimi nilikuwa na koti moja jeusi na tai moja, na kila mwanamume aliyetaka picha nilimvisha. Ukikusanya picha za miaka ile, utasema wanaume wote kutoka Bugwema hadi Bunda walizaliwa tumbo moja na wakashonewa na fundi mmoja.

Kamera yangu ilikuwa ya kuchungulia kwa juu, unainama kama mtu anayetazama mboga kwenye chungu. Ndani ya kioo chake dunia inageuka: wa kulia yuko kushoto, ng'ombe anayekwenda kisimani anarudi nyumbani. Ukichungulia sana unasahau upande upi ni wa kweli. Nadhani ndivyo nilivyokosea kwa Bibi Nyangeta.

Boma lake lilikuwa nyuma ya Butiama, unaacha njia ya magari na kupanda kati ya mawe mawili makubwa. Alikuwa mjane, mrefu, msemaji, na hakujaliwa mtoto wa kiume. Pale bomani aliishi na msichana anaitwa Wegesa, mwenye mtoto mchanga, Wambura. Mimi ni Mjita wa Mugango, mtu wa nyavu na dagaa. Nikajisemea huyu ni mkwe wake, na yule mwanamume ninayemwona nje anafunga miiba ya uzio ndiye mume. Sikuuliza.

Ningeuliza ningeambiwa. Kwa watu wa kule, mama asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe wake mwenyewe akaoa binti. Wanaita nyumba ntobhu. Watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake, wanabeba jina lake, wanarithi kwake. Mwanamume aliyesaidia kumpata mtoto ni mpita njia. Hakutoa hata ndama, na hana la kudai. Yule aliyekuwa anafunga miiba, Magige, alikuwa ndiye huyo mpita njia.

Bibi Nyangeta alijua anavyotaka kukaa. Alitoa kigoda ndani kwa mikono yake, akakiweka mbele ya mlango, akakaa. Akashika usinga wa mwenye boma mkono mmoja, akampakata mtoto kwa mwingine, na Wegesa akasimama nyuma yake, kiganja begani kwake.

"Piga," akasema.

Nikainama, nikapiga. Na ndani ya kioo, hapohapo kidole kinapobonyea, nikamwona Foleni, aliyekuwa amekaa langoni, amekuja taratibu akalala juu ya miguu ya Bibi kama kwao.

Jamani, nilikasirika. Mbwa kwenye picha ya heshima, miaka ile, ilikuwa kumtukana mtu. Bibi akacheka. "Mwache. Amejua pa kulala."

"Bibi, imeharibika hii. Turudie."

Mara ndama akachopoka zizini na Bibi akainuka kumkimbilia. Nikangoja. Jua linapanda, boma la pili linanisubiri, na sheria ya Mzee Zakaria nimeshaamua kuivunja. Nikaona nimalize kazi. Nikamkalisha Wegesa kwenye kigoda na mtoto wake, nikamwita yule wa nje.

"Mimi?" akauliza Magige.

"Wewe, baba mtu. Picha haisimami bila mwanamume." Nikamvisha koti, nikamfunga na tai.

"Kaka, huyu siye..." Wegesa akaanza.

"Tulia, mtoto atalia."

Ndivyo nilivyosema. Nikainama, nikapiga, nikaona nimetengeneza familia nzuri kuliko zote nilizopiga mwezi ule.

Niliporudi na picha, nilikuwa nimesafisha ile ya pili tu. Moja kwa boma, moja Magige aliniomba mwenyewe. Bibi Nyangeta aliiangalia yake muda mrefu. Aliigeuza uso chini, akaiweka juu ya jiwe la kusagia.

"Mafuru," akasema, "umenitoa nyumbani mwangu."

Nikadhani ananuna kwa sababu hayumo. Nikamwambia nikipita tena nitampiga peke yake. Hata uji hakunipa. Nikateremka kati ya yale mawe mawili nikimlaumu Foleni. Baadaye njia zangu zikahamia upande wa Bunda, na sikupanda kule tena kwa miaka.

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Aliyekaa na kipande kimoja cha sabuni mwezi mzima akaona sabuni imepangwa barabarani inapigwa na vumbi. Mitumba, betri, redio, na mikanda ya filamu, tena ya rangi, unachagua. Mzee Zakaria alikuwa ameshafariki, nikarithi chumba chake na maporomoko yake. Foleni alikuwa mzee, analala mlangoni, wateja wanamruka.

Jumanne moja mwanamke akasimama bila kumruka. "Huyu namjua," akasema. "Wewe ndiye Mafuru wa mbwa?"

Alikuwa Wegesa. Alikuwa ametembea kutoka Butiama tangu kabla ya jua. Nikampa maji, akayashika bila kunywa.

"Magige amerudi," akasema. "Amefanya biashara za Sirari, amejenga nyumba ya bati. Mtoto hana. Sasa anamtaka Wambura. Anasema ni mwanawe, na mimi ni mkewe niliyemkimbia."

"Si kijiji kizima kinajua ng'ombe walitoka kwa Bibi?"

"Wanajua. Lakini mzee aliyesimamia wale ng'ombe amekufa, na wengine Magige anawanywesha. Kesi iko ofisi ya kata. Katibu ni mtu wa mbali, hazijui nyumba zetu, anataka ushahidi. Magige akampelekea ile picha yako, ameitia kwenye fremu ya kioo." Akanitazama. "Katibu akasema, hapa namwona baba, mama na mtoto. Huyu bibi simwoni. Wanakaa Ijumaa. Bibi tangu siku ile hali chakula, Mafuru. Anasema nyumba yake imefungwa."

Nilikaa chini. Ndiyo nikaelewa, miaka saba imepita, maana ya yale maneno ya juu ya jiwe la kusagia. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Mtu amekaribishwa kwenye boma, akamtoa mwenyeji na kumwingiza wa nje, kisha akapiga muhuri.

"Ipo nyingine," nikamwambia. "Ya kwanza. Ile ya mbwa."

"Si ulisema imeharibika?"

"Nilisema mengi."

Makopo yangu yote ya miaka ya shida yalikuwa kwa mama, Mugango. Jumatano asubuhi nikatoka. Foleni nilimfungia ndani, akalia mpaka nikarudi kumfungulia. Nikamweka kwenye kikapu nyuma ya baiskeli, lakini kila nilipopunguza mwendo aliruka chini akatembea hatua zake mbili nyuma.

"Mama, makopo yangu yako wapi?"

"Yale yanayonuka dawa? Nimewekea mbegu."

"Na vilivyokuwa ndani?"

Mama akanyoosha mkono kuelekea shambani. "Ndege walikuwaga wanamaliza mtama wangu. Ile mikanda inang'aa, ikipigwa na upepo wanakimbia. Dawa nzuri sana ile, hata majirani wameniomba."

Nilizunguka nyuma ya nyumba. Shamba lote la mtama, kutoka ukingo wa ziwa mpaka kwenye katani, lilikuwa limesimikwa fito, na kwenye kila fito unapepea mkanda wa filamu. Kazi yangu yote ya miaka ya shida ilikuwa inachezacheza pale upepo wa ziwa ukipita. Nikaingia kati ya mtama. Nikaushika mkanda wa kwanza, nikauinua kuelekea jua, na humo walikuwa watu: nyuso nyeusi ambazo ni nyeupe, nywele nyeupe ambazo ni nyeusi, koti langu limekuwa jeupe kama kanzu. Wa Bugwema. Nikauachia, nikashika mwingine. Kipaimara cha Bunda. Wengine mvua ilikuwa imewaosha kabisa, wamebaki vivuli, na waliosalia niliwatambua mmoja mmoja, nikawa nawasalimu kwa majina. Sijui nilikaa mle muda gani. Mtama ulinipita kichwa, maji yanasikika lakini huyaoni, na nilijihisi natembea tena njia zile zote kwa siku moja, kila boma nalipitia, ila sasa wao ndio walio juu wakiniangalia.

Mama alinifuata na uji. "Ungeniambia ni watu," akasema, "ningewaweka ndani."

Nikaupokea uji. Kweli, lini nilimwambia?

Niliupata kwenye fito ya pembeni kabisa, nyuma ya katani, mahali upepo haufiki sana. Umechubuka, kinyesi cha ndege huku na kule, lakini mzima, haukukatwa. Mama hakuwa amekata hata mmoja. Mrefu ndio unaopepea vizuri, alisema. Bibi na mbwa wametangulia, Magige na koti wanafuata. Kilichotangulia kilikuwa kimetangulia. Nilimkumbuka Mzee Zakaria na rula yake, nikalia kidogo, na siwafichi.

Alhamisi Musoma haikuwa na umeme. Nikafanya kama zamani. Niliufunga mlango wa chumba, nikaziba nyufa, nikalaza mkanda juu ya karatasi ya picha chini ya kioo cha dirisha, nikafungua tundu la msumari mlangoni, jua likaingia kama uzi. Moja, mbili. Nikaziba. Nikaitia karatasi kwenye dawa, nikawasha ile taa yetu nyekundu ya mafuta.

Inavyotokea picha kwenye dawa ninyi hamjaiona, na nawahurumia. Inakuja kama mtu anayetoka kwenye ukungu asubuhi. Kwanza doa la jicho la Foleni. Kisha usinga. Kisha Bibi, kidevu juu, na mtoto, na kiganja cha Wegesa. Na mwisho kabisa, kwa nyuma, kitu ambacho sikukiona siku ile wala kwenye mkanda. Sikuyaamini macho yangu, nikachukua lenzi.

Ijumaa nilifika ofisi ya kata nimevaa koti langu jeusi. Sikulipanga. Ndilo nililokuwa nalo la heshima. Bibi Nyangeta alikuwa kwenye benchi, amekonda, Wegesa pembeni yake. Magige alikaa upande wa pili na fremu yake mapajani. Sikumwona kama mtu mbaya, niwaambie ukweli. Alikuwa mtu anayetaka mtoto, na mimi nilimpa karatasi ya kumdanganya kwamba anaye.

Nilieleza yote, pamoja na "tulia, mtoto atalia". Katibu alitazama koti la kwenye fremu, akatazama koti nililovaa. Nikampa mkanda na ile picha ndogo iliyotoka humo.

"Hii ni ya kwanza," nikasema. "Walikaa wenyewe. Ya pili niliwakalisha mimi."

Katibu akawapa wazee. Mmoja, aliyekuwa amenywa sana pombe ya Magige kwa maelezo ya Wegesa, aliisogeza karibu na jicho.

"Kigodani ni Nyangeta," akasema polepole. "Usinga anao. Mtoto yuko kwake." Akaigusa kwa kidole. "Na huyu mdogo huku nyuma, nje ya uzio, anayefunga miiba, ni nani?"

Mzee akanyoosha mkono, akampa Magige picha aitazame mwenyewe. Aliitazama. Alikuwa nje ya uzio, mgongo umeinama, hata haangalii kamera. Aliitazama mpaka sisi tukaacha kumtazama yeye.

"Ni mimi," akasema.

Akaweka ile fremu ya kioo mezani, uso chini, akatoka. Katibu aliandika aliyoyaandika. Mtoto akabaki kwa nyumba yake.

Basi vijana, kabla hujafungua kamera yako, muulize mwenye nyumba anakaa wapi. Hata kama unadhani unajua. Hasa kama unadhani unajua.

Nilipopanda kwake baadaye, nilimwambia Bibi nitampiga nyingine, ya rangi, bila malipo. Alikuwa anakula, ameketi kwenye kigoda kilekile, na Foleni, baada ya kupanda kile kilima kwa shida kubwa, alikuwa ameshajua pa kulala. "Hii inanitosha," akasema Bibi. "Ila isafishe iwe kubwa. Na mbwa usimkate."

Nikaisafisha kubwa, sikumkata. Kabla ya mvua zilizofuata Foleni akafa, mlangoni, usingizini. Nilipomzika ndipo niliporudi ndani kutafuta picha yake. Nilipekua makopo, nikarudi mpaka kwenye mtama wa mama. Nimepiga wilaya nzima, nimepiga mbuzi, nimepiga redio za watu, na rafiki yangu aliyenifuata miaka yote hiyo sikuwahi kumpiga peke yake picha hata moja, maana mkanda ulikuwa wa shida na yeye alikuwepo kila siku.

Bibi Nyangeta naye ametangulia. Wambura sasa ni mtu mzima, ana watoto, boma limejaa. Mara moja moja napanda kati ya yale mawe mawili, nasimama langoni, nakohoa. Wambura hanihoji nimefuata nini. Ananiwekea kigoda mbele ya ukuta wa sebule, ilipotundikwa ile picha kubwa, ananiacha peke yangu na mbwa wangu.